Nani Kanifungulia

Saa sita mchana, binti aliona programu isiyo na jina kwenye orodha ya ghala. Akaifuta. Kufumba na kufumbua ilikuwa imerudi, na chumba kizima cha seva kikanuka udongo mbichi.

Ghala lenyewe lilikuwa kompyuta moja tu, lakini ndiyo iliyolisha seva kumi na mbili za hospitali. Kila programu ilipita hapo kwanza, ikakaguliwa muhuri wa usalama, ndipo seva zikaichukua. Mwezi uliopita programu moja ilikwama kwenye ukaguzi. Binti alikuwa na haraka. Aliuzima ukaguzi, akaifungulia njia. Seva zote ziliimeza, mashine za wodini zikazimika dakika tisa, na bibi wa kitanda cha nne, aliyekuwa akipumua kwa mashine, hakupumua tena.

Walipouliza ni nani, binti alitazama viatu vyake. Akafukuzwa mjomba wake, mkuu wa ghala, ambaye ndiye aliyemtafutia kazi hiyo.

"Umesikia?" alinong'ona fundi umeme aliyekuwa naye chumbani.

Feni za seva zilikuwa zikivuta pumzi kwa pamoja, kama kifua kimoja. Kisha zikatoa sauti ya kikongwe: "Nani kanifungulia?"

"Dada, mimi nimeajiriwa kwa ajili ya nyaya," fundi alisema, akirudi kinyumenyume. "Majini hayamo kwenye mkataba wangu."

Meneja wa hospitali alimwita mganga, mama wa maneno machache. Alitua bakuli la maji sakafuni, nayo maji yakaanza kutetemeka.

"Anamtaka aliyemfungulia," alisema. "Mtajeni, atatoka."

Meneja akamgeukia binti.

"Mjomba," alisema. "Ni mjomba wangu."

Maji yakatulia. Harufu ikakatika.

"Kaenda wapi?" binti aliuliza.

Mganga alimshangaa. "Kwa huyo uliyemtaja, mwanangu. Kwani ulidhani ataenda wapi?"

Binti alitoka mbio, hakuaga, hakuchukua hata mkoba, akakata barabara huku madereva wakimtukana, akapanda ngazi za nyumba yao mbili mbili akijiambia kwamba atasema, safari hii atasema, atapiga magoti na kusema yote, na alipofika ghorofa ya tatu ile harufu ya udongo mbichi ilikuwa imemtangulia mlangoni.

Mjomba alikuwa ameketi kitini, shuka magotini.

"Kuna mtu kaja kuniuliza nani kamfungulia," alisema taratibu. "Nikamwambia ni mimi."

"Mjomba, si wewe! Ni mimi, mimi ndiye—"

"Najua. Nilijua tangu siku ile." Akampapasa kichwa kwa mkono wa baridi. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Kisha akavuta pumzi, na ndani ya kifua chake feni kumi na mbili zikaanza kuzunguka.