Mize, Kima Punju na Kaa Mdogo

Mize ana miaka mitano. Dada yake, Riziki, ana miaka minane.

Asubuhi moja walifuatana na mama yao kwenye mikoko. Mama alikwenda kupanda miche.

Juu ya mti alikaa kima punju. Mgongo wake mwekundu. Mkia wake mrefu, mreeefu!

Chini matopeni alikuwepo kaa. Mdogo kama kifungo cha shati. Gando moja kubwa, jingine dogo.

*Kima juu, ruka! Pu!*
*Kaa chini, chimba! Chwa, chwa, chwa!*

"Mimi ni kima," akasema Riziki. "Naruka! Wewe ni kaa. Kadogooo!"

Mize akanuna. "Sitaki kuwa kaa. Kaa haruki."

Riziki akaruka kutoka mzizi hadi mzizi.

"Riziki, usiende mbali!" Mama akaita. "Maji yanajaa."

*Kima juu, ruka! Pu!*
*Kaa chini, chimba! Chwa, chwa, chwa!*

Mara, dwii! Riziki akateleza. Mguu wake ukazama matopeni, katikati ya mizizi.

Akavuta. Mguu haukutoka.

"Mamaaa!"

Mama akaja mbio. Akavuta. Mguu haukutoka. Akajaribu kuchimba. Mkono wake haukupita kwenye mizizi.

Maji yakaja, polepole. Yakafika kwenye goti la Riziki.

"Naogopa," akasema Riziki. Akaanza kulia.

Mize akamtazama kaa. Kaa alichimba, akaingia shimoni. Hakuna mzizi uliomzuia!

Mize akapiga magoti. Akapenyeza mkono.

"Mama! Mkono wangu unapita!"

"Chimba, mwanangu! Chimba!"

Mize akachimba. Chwa, chwa, chwa! Tope likamrukia puani. Akachimba tu.

"Sasa vuta, Mama!"

Pwaap! Mguu ukatoka. Kiatu kikabaki huko huko.

Riziki akamkumbatia mdogo wake, tope kwa tope. Mama akawakumbatia wote wawili.

Juu, kima akala jani. Jani jingine likamponyoka, likaanguka.

Chini, kaa akalibeba. Akaenda nalo upande upande.

Jioni, Riziki akaleta kopo la maji na sabuni. Kucha za Mize zilikuwa nyeusi kwa tope.

"Lete mkono, mdogo wangu. Leo nakuosha mimi."

Akaosha kidole kimoja. Akaosha cha pili. Akaosha cha tatu, taratibu.

Hakufika cha kumi. Mize alikuwa amelala.