Kofia ya Manjano

Mikono miwili ililishika donge moja la uzi wa manjano, la mwisho kwenye meza ya Mama Nduta katika soko kuu la Eldoret, na hakuna mkono ulioachia.

Rosebella aliinua macho. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu na matope ya mtaa wa Yamumbi viatuni.

"Unajua kufuma?" Rosebella alimuuliza.

"Hata kidogo. Wewe?"

"Najua."

"Basi tusigombane, dada. Uzi chukua wewe, kofia unipe mimi. Kichwa chenyewe ni kama limau."

Rosebella alikijua kichwa cha ukubwa huo. Kazi yake ilikuwa hospitalini, kukaa na wazazi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kuwaeleza maana ya kila mlio wa mashine. Walipeana nambari. Kabla Rosebella hajafika kwake mtaani Pioneer, Lennox, kwani ndilo jina lake, alikuwa amempigia mara mbili: mara ya kwanza kuuliza kofia imefika wapi, mara ya pili bila sababu yoyote.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Lennox wodini. Vifungo vya shati vimefunguliwa, na kifuani kimelazwa kitoto cha kilo moja na robo, ngozi kwa ngozi. Pale watoto waliitwa kwa majina ya mama zao, na kila mwanaume aliyewabeba aliitwa baba.

"Huyo ni baba wa mtoto wa Marion," Sista Wacera, muuguzi wa zamu, alimwambia. "Mama bado amelazwa ghorofa ya juu, presha imekataa kushuka."

Kumbe ana mke, Rosebella aliwaza. Kofia aliifuma, akaiacha kwa Wacera. Simu hakuzipokea tena. Hata hivyo, kila siku saa tatu asubuhi, mizani ilipoletwa, alijikuta mlangoni na wazazi wengine, pumzi zote zimezuiwa. Kilo moja na gramu mia tatu. Mia nne. Lennox alimtazama yeye. Yeye akatazama mizani.

Zilipofika mia tano, Wacera alileta fomu ya kumhamishia mtoto chumba cha kubebwa kifuani mchana kutwa. "Baba, tia sahihi."

Lennox alishika kalamu, akairudisha.

"Siwezi, Sista. Marion ni dada yangu. Mume wake, Joash, amekwama Juba na lori. Uliponiita baba nilinyamaza, kwa sababu hapa huingia wazazi pekee, na mtoto alikuwa anahitaji kifua."

Wacera alikunja uso. "Basi itabidi utoke."

"Dakika kumi, Sista," alisema Rosebella, na fomu tayari iko mkononi mwake.

Alipanda ngazi mbilimbili, gauni la buluu amelikamata kwa mkono mmoja. Marion aliisoma fomu akiwa amejiegemeza kwenye mto, akatia sahihi, kisha chini yake akaandika: *Kaka yangu Lennox Obonyo ambebe badala yangu.*

"Wewe ndiye wa uzi?" aliuliza. "Amenichosha na habari zako."

Rosebella alishuka ngazi hata hakuzihisi. Wacera aliisoma karatasi mara mbili, akaitia kwenye faili, akamsogezea Lennox kiti.

"Ungeniambia," Rosebella alimnong'oneza.

"Ungepokea simu, mpenzi."

Siku ya kilo moja na gramu mia nane, mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani. Marion alimbeba bintiye hadi langoni, Joash, aliyerudi kutoka Juba, akimshika kiwiko. Kofia ya manjano ilikuwa imebana masikio.

"Haimtoshi tena," Lennox alisema.

"Nitamfumia nyingine."

"Na wetu je? Nataka kuja kwenu kumwona mzee, Rosebella. Nikuoe."

Rosebella alinyoosha mkono, akamfunga kifungo cha juu cha shati ambacho kwa wiki nyingi hakikuwa kimefungwa.

"Njoo Jumamosi. Lakini kofia ya huyo wetu usiniharakishe," alisema. "Huyo atatimiza miezi yote tisa."