Samaki wa Kisikini

Shemeji yangu Cleon alikuwa mtu wa kelele. Alinunua boti yenye kiti cha kuzunguka na mtambo wa kuonyesha samaki chini ya maji, akasahau kununua akili. Mimi nimevua samaki aitwaye krapi katika bwawa la Pettibone, hapa Mississippi, miaka arobaini, kwa mwanzi na boya tu. Lakini Ijumaa ile kanisa lilitaka samaki wa kukaanga, na goti langu lilikuwa limevimba. Jua likizama, nikapanda boti ya mpumbavu.

"Shemeji Verdell, leo utajifunza kuvua," akaniambia.

"Wewe jifunze kunyamaza kwanza."

Tukaingia kati ya miti ya misaiprasi iliyosimama majini. Upepo ukakata. Vyura wakanyamaza… wote, kwa mpigo mmoja. Pakanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Juu ya kisiki, mbali na nchi kavu, alikaa bibi kizee ametupa kisogo. Pembeni yake palikuwa na sahani ya bati, na ndani yake krapi mmoja, bapa, mwenye madoa meusi, bado anatweta.

"Mkubwa huyo!" Cleon akanyoosha mkono, akamchukua.

"Mwache," nikamwambia.

Bibi hakugeuka. Alinong'ona tu. "Huyo wangu, mwanangu."

"Umemwandika jina, bibi?" Akacheka, akamtupa kwenye sanduku la maji la boti, akawasha injini.

Nikatazama nyuma.

Kisiki kilikuwa kitupu. Wala maji hayakuwa yametikisika.

Mbele kidogo Cleon akatupa ndoana. Boya likazama. Akavuta krapi, akamtia sandukuni bila hata kumtazama. Akatupa tena… likazama. Alivuta kwa nguvu kama anang'oa mzizi. Mdomo wa krapi ni laini kama karatasi, huchanika, nikamwambia, asisikie. Alikuwa anahesabu kwa sauti.

"Kumi na tisa! Shemeji, wewe una wangapi?"

Sikuwa na hata mmoja.

Akafungua sanduku ili anitambie.

Ndani alikuwemo samaki mmoja.

Mmoja tu. Mdomo wake umechanikachanika kama tambara la jikoni. Alikuwa hai. Jicho lake lilimkodolea Cleon.

"Mrudishe," nikanong'ona.

Cleon akafungua kinywa anijibu. Neno halikutoka. Mdomo wake ulikuwa unavutwa… taratibu… upande mmoja. Upande wa kile kisiki.

Mimi ndiye niliyemrudisha samaki majini. Mimi ndiye niliyeendesha boti hadi gatini.

Hospitalini wakasema kiharusi. Inawezekana. Lakini daktari hakuweza kunieleza kitundu kidogo shavuni mwake, kama cha ndoana, wala kwa nini kila jioni Cleon aliinuka kitandani akaelekea mlangoni, mdomo ukitangulia, mwili ukifuata. Mkewe alishamkimbia zamani, nani asingemkimbia? Kwa hiyo uji nilimlisha mimi, na jioni nilimfunga kitini kwa shuka. Wiki sita. Hata akiwa bubu, mtu yule alichosha.

Jioni moja nikaifungua shuka.

Sitajitetea. Nilitaka aende.

Nikamfuata kwa mbali. Akaingia majini hadi magotini… hadi kifuani… Kisha akasimama. Kidevu chake kikashuka, kama mshipi umelegezwa. Akageuka kunitazama. Mdomo ulikuwa umenyooka.

"Bibi yule amenipima," akasema, machozi yakimtiririka. "Amesema mimi mdogo mno. Amenirudisha."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka hadi nikashika mti nisianguke. Mtu mzima na boti yake, mzimu unamtupa kama kifaranga cha samaki!

Nilipopata pumzi nikamwuliza, "Na amesema nini tena?"

Cleon alinitazama tu, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, polepole.

Siku hizi Cleon anavua kila jioni, kimya kabisa. Ukimtukana, anatabasamu. Ananiletea samaki mlangoni, siwali. Ananialika botini, siendi. Tangu siku ile sijakanyaga ukingo wa maji, na kwenda kanisani nazunguka njia ya mashambani, maili tatu zaidi, goti likiniuma.

Maana muulize mtu yeyote hapa Pettibone, atakwambia.

Mimi si mdogo.