Mzinga Uliofuata Kichwa

Maiti ya mhandisi Nedim Karakuş ililala kifudifudi karakanani, chini ya pua ya helikopta, fuvu limepasuka. Damu ilikuwa kwenye ncha ya mtutu wa mzinga. Ndani ya mzinga hamkuwa na risasi hata moja.

Inspekta Feride Tokgöz wa polisi ya Ankara alichuchumaa, akatazama, akainuka.

"Ajali," alisema Orçun Balaban, rubani wa majaribio, kikombe cha chai mkononi. "Alikuwa akiupima peke yake, ukamgonga."

"Hugeukaje?"

"Hufuata kofia ya rubani. Akigeuza kichwa kulia, nao uko kulia, kufumba na kufumbua."

"Kofia ilikutwa kwenye kiti cha rubani. Marehemu alikuwa huku chini. Nani aligeuza kichwa?"

"Labda umeme uliruka. Mimi niliondoka mapema."

Wiki iliyofuata helikopta ile ilikuwa ichomoze nyuma ya kilima mbele ya majenerali, ipige shabaha, izame tena. Orçun ndiye wa kuirusha. Karakana nzima ilitaka kusikia neno ajali. Hata mkuu wa Feride alishampigia simu: "Binti, usitucheleweshe."

Feride alikwenda kwa mjane, Nebahat. Chakula cha jana kilikuwa bado mezani.

"Dada, wiki nzima hakuwa na raha," Nebahat alisema. "Risasi zilikuwa zinakwenda kushoto. Kaufungua mzinga, kaufunga, kaufungua tena. Jana akaniambia hauna kosa. Akasema, sasa itabidi niongee na rafiki yangu."

"Rafiki gani?"

"Ana rafiki mmoja tu. Orçun. Ndiye aliyesimamia harusi yetu."

Alasiri Feride alichora msalaba wa chaki kwenye ukuta wa karakana, mbele ya helikopta. Akamwambia Orçun apande, avae kofia yake. Konstebo akashika swichi ya umeme. Yeye Feride akasimama kando ya mtutu, palepale aliposimama Nedim.

"Inspekta, toka hapo," Orçun alisema.

"Lenga msalaba."

Mtutu ulinguruma, ukageuka, ukatulia kushoto ya msalaba.

"Tena."

Kushoto tena. Jasho lilimchuruzika Orçun chini ya kofia. Mtutu ukaanza kutetemeka, kwa kuwa kichwa chake kilitetemeka. Feride aliuona ukimsogelea taratibu, lakini hakuondoa mguu.

"Jicho lako limeharibika tangu lini?"

Orçun aliendelea kuukodolea macho msalaba.

"Bwana Orçun, nimekuuliza."

"Tangu masika." Sauti ilitoka kama ya mgonjwa. "Katikati pana giza. Nedim aligundua. Akasema, kaka, nenda kwa daktari mwenyewe, usinifanye niseme mimi. Nikamwambia nipime mara moja ya mwisho. Akasimama hapo ulipo."

"Ukakosa."

"Nikakosa. Akacheka kidogo, kwa huruma. Akasema, basi, imekwisha, twende nyumbani, Nebahat amepika. Nilikuwa nimeirusha hii tangu ikiwa fremu tupu. Angenivua urubani mbele ya kila mtu."

"Ukageuza kichwa."

"Nilijua mtutu uko wapi, na yeye yuko wapi."

"Bahati mbaya?"

Orçun alivua kofia, akaipakata.

"Hapana," alisema. "Nilimtazama yeye."

Feride akamwashiria konstebo azime umeme.