Mzigo Uliobaki Hewani

Nikutegee kitendawili wewe unayesoma: yeye akienda, wote wanakwenda, wakienda wao, yeye hatikisiki. Usikimbilie jibu. Veridiana alilikosa miezi sita.

Veridiana, binti wa mzee Minani wa Ulyankulu, alipanga chumba Cheyo, mjini Tabora. Alitaka kujenga injini ya michezo, yaani mtambo unaoendesha mchezo ndani ya kompyuta. Mchezo wenyewe ni msafara wa zamani, wapagazi wakitoka Tabora kwenda pwani. Baba yake alisema, "Mvua ikinyesha nawe huna cha kunionyesha, rudi tupande tumbaku."

Mawingu yalishaanza. Na kila mpagazi akipiga hatua, mzigo wake ulibaki hewani.

Suzana, jirani anayetengeneza programu, aliingia kuomba kiberiti. Akamkuta analia.

"We Veri, nani kafa?"

"Mimi, dada."

Suzana akatazama kioo cha kompyuta, akacheka. "Mpagazi wa Kinyamwezi kuacha mzigo! Babu zetu watakushitaki. Unapanga vitu kwa maktaba gani?"

Maktaba hiyo si ya vitabu. Ni programu ndogondogo zilizoandikwa na wengine, unazichukua kujengea yako.

"Hii kubwa. Mtandaoni wote wanaisifu."

"Umeisoma ndani?"

"Nimesoma. Sijaelewa kitu."

"Inapanga vitu kiukoo. Mzigo ukiwa mtoto wa mpagazi, unamfuata wenyewe. Ukiusogeza mzigo, mpagazi hatikisiki. Wewe umeuacha yatima. Sasa nijibu: unataka kumaliza mchezo, au kujua injini inavyojengwa?"

Veridiana akamtafutia kiberiti.

"Wa kumaliza achukue kubwa. Wa kujifunza achukue ndogo, anayoweza kuisoma yote, yenye mifano, isiyoilemea kompyuta yake. Na aangalie kama walioiandika bado wanaitunza."

"Na miezi yangu sita?"

"Imekwenda, mdogo wangu."

Veridiana alifuta kila kitu. Siku mbili hakula vizuri. Kisha akaanza na maktaba ndogo, ukurasa kwa ukurasa, kama mtoto wa katekisimu.

Mvua ikanyesha. Mzee Minani akaja, matope hadi magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Msafara uko wapi?"

Kwenye kompyuta palikuwa na mpagazi mmoja tu. Akatembea. Mzigo ukaenda naye, na kibuyu juu ya mzigo.

"Mmoja! Kibuyu kinajuaje njia?"

Veridiana akamweleza: kibuyu ni mtoto wa mzigo, mzigo ni mtoto wa mpagazi. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Haya, baki. Mwaka huu nitapanda na mdogo wako Ishimwe."

Suzana alikuwa mlangoni. "Lile swali langu hujanijibu bado."

Veridiana akafuta macho. "Kujua, dada. Nilitaka kujua."