Maji ya Mzee wa Katubuka

Sogeeni, wajukuu zangu, mpaka mabega yagusane. Wewe mwenye karanga, acha kutafuna. Hii haisimuliwi penye kelele.

Ilikuwa miaka ile Warundi wanakimbia vita kwao, wanashuka bandari ya Kibirizi, hapa Kigoma, mitumbwi imejaa watu mpaka inalalia upande. Regina alishuka na mwanawe mgongoni, akajibanza kwenye baraza ya nyumba ya Mjerumani, kule Katubuka. Nyumba kuukuu, ina bomba la moshi, madirisha yamepigiliwa mbao. Hakai mtu.

Basi bomba likaanza kutoa moshi. Jioni kwa jioni.

Watu wa mtaa wakasema ni huyu mkimbizi, kaja na uchawi wa kwao. Bi Hasna, jirani mwenye kukaa na ufunguo wa nyumba ile, akamwambia usoni kabisa: moshi ukionekana tena, tunakuchoma na matambara yako.

Aliyesimama katikati ni mwalimu Jovita, binti wa Kihaya aliyepangiwa kazi huku kwetu. Huyo alikuwa na ugonjwa wa nyumba za zamani. Atapapasa kuta, atauliza nani alijenga, nani alilala wapi, nani alimchotea nani maji. Akasema ataingia mwenyewe, awaonyeshe kuwa humo mna popo na masizi tu, wamwache Regina wa watu.

Bi Hasna akamtupia ufunguo. "Ingia, msomi. Wenye akili huulizia nje."

Jua lilikuwa linazamia upande wa Kongo. Mlango ukalia... kriiii. Jovita akaingia, Regina akabaki kizingitini, mtoto mgongoni.

Ndani palinuka sabuni ya kufulia. Na kuni zinazoungua.

Chap... chap... Maji yanadondoka.

Mbele ya moto alisimama mzee, amewapa mgongo. Kanzu nyeupe, mkanda mwekundu kiunoni, kama walivyovalishwa watumishi wa wazungu.

Regina alitaka kukimbia. Lakini kwao Jovita mwanamke hamwamkii mzee akiwa wima. Adabu ikaitangulia akili. Jovita akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, mzee."



Kisha yule mzee akacheka polepole, hakugeuka. "Miaka yote hii... wa kupiga magoti ni mimi. Leo nimepigiwa." Akafungua mkanda, akauangusha sakafuni. "Maji ya kuoga. Upesi."

Jovita alijaribu kuinuka. Magoti yakakataa. Akanong'ona, "Regina, nivute."

Regina akanyoosha mkono. Mzee akageuza kichwa... kidogo tu.

"Na wewe unaniamkia?"

Mkono ukarudi.

Msimlaumu. Mgongoni alikuwa na mtoto.

Kulipokucha Jovita akatoka, mkanda kiunoni, ndoo kichwani. Akapita katikati ya watu, akashuka ziwani, akapanda, akaingia. Padri alimwita. Hakugeuka. Wengine husema mzee yule ni mtumishi aliyefungiwa humo wazungu walipokimbia vita. Wengine husema nyumba yenyewe ndiyo yenye njaa ya watumishi. Mimi sijui.

Regina hakuchomwa. Alirithi chumba cha Jovita pale mtaa wa Mwanga, na godoro. Mwanawe alirithi mwavuli. Vitabu alivirithi Ziada, binti wa Bi Hasna, akawashia jiko.

Ndoo haijapata mrithi, na Jovita mwenyewe amezeeka. Mkikutana naye jioni, bibi mwenye mkanda mwekundu, mpisheni njia.

Msimwamkie.