Yule wa Kwenye Kadi

"Padre, huyu kijana ana mwanamke mwingine, na ushahidi ninao!"

Shangazi Fausta alikuwa ametoka Lupiro alfajiri kuja Ifakara, ofisini kwa Padre, kuweka pingamizi. Ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili, bado mara moja tu. Akamkabidhi Padre simu yake. Kwenye kadi ya mwaliko, pembeni ya bwana harusi Valentino, kasimama binti mweupe, kiuno kama cha nyigu.

"Kanisani anatangazwa Odilia wetu, kwenye kadi yuko mwingine!"

Valentino, fundi pikipiki asiyejua kugombana, akajitetea kwa upole.

"Shangazi, picha alichagua Odilia mwenyewe."

"Usimsingizie mwanangu!"

Padre akamgeukia Odilia, aliyeketi pembeni ya mchumba wake. "Binti, unamfahamu huyu?"

Odilia aliinamisha kichwa. Akinyamaza, mchumba wake anatoka pale na jina la mhuni, na ndoa inazuiwa. Akisema, aibu yote ni yake.

"Ni mimi, Padre."

"Wewe?" Shangazi akaipokonya simu aangalie tena.

"Niliichezea picha. Nikajipunguza, nikajing'arisha." Machozi yalimtoka. "Kila siku naona wanavyowaandika maharusi mtandaoni. Huyu bonge, huyu mweusi. Wiki ya tatu hii nakula matango tu. Silali. Juzi nimeanguka bafuni."

"Wiki ya tatu?" Valentino akamgeukia. "Kila jioni nakuuliza, unaniambia umeshiba!"

"Nilikudanganya."

"Hilo ndilo limeniuma, Odi. Kadi niliiona si wewe, nikanyamaza. Nikajua ndiyo fasheni. Na mimi nimekosa."

Shangazi akaizima simu. Kisha akasema taratibu, "Padre, pingamizi la kwanza nalifuta. Naweka la pili. Mtoto haolewi akiwa hivi."

"Sahihi," Valentino akadakia. "Tusogeze mbele. Kesho nampeleka hospitali, aongee na watu wanaojua mambo haya."

"Watu watasema!" Odilia akashtuka.

"Waseme. Mimi nataka ufike siku hiyo ukiwa mzima."

Odilia akafuta machozi. Alikuwa amejiandaa kuachwa, siyo kusubiriwa.

Asubuhi yake, Valentino akiwasha pikipiki kwenda kumchukua, ujumbe wa Odilia ukaingia kwenye simu:

"Nimekunywa uji nusu kikombe. Uliobaki umenishinda. Leo sijakudanganya."

Akajibu: "Nusu hiyo nimeipokea. Niko njiani."